Plug-in ya compressor ilivyoanika mnong'ono wa mpiga litungu, na mkosaji ni mimi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mzee. Wengi wenu ningeweza kuwazaa. Lakini shikamoo zenu zishikeni kwanza mpaka mmalize kusoma, huenda mkaona sizistahili.

Siongezi chumvi na sijisafishi. Nina hasira, na anayestahili sehemu kubwa ya hasira hiyo ni mimi mwenyewe.

Naishi Matongo, Tarime. Zamani nilikuwa na kibanda Sirari, cha kurekodi kaseti. Mtu analeta kaseti tupu, anachagua nyimbo, jioni anarudi kuichukua. Studio yenyewe sikuwahi kuingia. Zile mashine kubwa za equalizer na compressor nilikuwa naziona kwenye picha za magazeti tu, nikizitamani kama mtu anavyotamani ng'ombe wa jirani.

Mwaka jana nikagundua kwamba siku hizi zimo kwenye simu. Plug-in. Unaifungua ndani ya app ya kurekodia, unaona mashine ile ile ya zamani imechorwa, vitufe vya kuzungusha, mshale unaocheza, mpaka kutu kwenye skrubu wameichora. Niliacha hata kuangalia taarifa ya habari.

Kwa wasiojua: equalizer inachagua sauti ipi isikike zaidi, nzito au nyembamba. Compressor inazibana sehemu zenye kelele, halafu wewe unainua wimbo wote. Matokeo yake, kilichokuwa chini kinapanda mpaka kinalingana na kilichokuwa juu.

Shikeni hapo hapo, kwenye kilichokuwa chini.

Nina marafiki wawili wa rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja. Chacha ni jirani yangu hapa Matongo, mfugaji, na aliwahi kuongoza sungusungu. Mwita anakaa Nyansurura, Serengeti. Yeye ni mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi nane.

Chacha alipomaliza nyumba yake mpya alimwita Mwita aje kuifungua kwa litungu. Mimi nikaweka simu yangu juu ya kigoda, karibu kabisa na nyuzi.

Sasa, Mwita ana namna yake ya kupiga, aliipata kwa baba yake. Akimsifu mwenye mji, yaani mwenye boma, anapaza sauti mpaka ng'ombe wanageuka. Halafu anainama, mdomo unakaribia nyuzi, anasema neno la utani kwa sauti ya chini sana. Wanaosikia ni wazee watatu au wanne waliokaa karibu naye, basi. Wengine wanaona tu wazee wanacheka. Utani ule ni wa rika, hauvuki vile vigoda.

Siku ile alimsifu Chacha kwa nguvu, jinsi alivyofuata ng'ombe walioibwa mpaka mpakani akawarudisha, na kovu la mkuki analo begani mpaka leo.

Kisha akainama. "Lakini wezi walipokuja mara ya kwanza, mura, ulikuwa chini ya kitanda cha mama yako."

Chacha alicheka mpaka akafuta machozi. "We Mwita, utakufa lini tupumzike?"

"Nikifa nani atakukumbusha kitanda?"

Wakati wa kuondoka Mwita alinyoosha kidole kwenye simu yangu. "Pale ninapoongea na nyuzi, paache hivyo hivyo."

Nikamwambia, sawa mura, sitagusa.

Nikagusa.

Nilianza kwa kutuma wimbo kama ulivyo kwenye group la majirani. Hazikupita dakika tano, wakaanza. "Mzee, sauti ndogo." "Ongeza volume babu, au kaseti imekwama?" Watu ambao hawajawahi kumwona Mwita akiinama wananicheka mimi, fundi wa zamani!

Basi nikachukua compressor, nikaweka preset moja ya waimbaji, yaani mpangilio uliokwisha tengenezwa. Nikazibana sifa, nikainua yote. Nikachukua equalizer nikapandisha pale panapokaa sauti ya mtu. Na kutoka chini ya nyuzi ikatoka sauti ya Mwita, kavu, ya karibu, kama amekaa ndani ya sikio langu. Kila neno.

Naomba mlielewe hili, maana nimeona watu humu wakisingizia app. NILISIKIA. Nilikuwa na earphone masikioni, nikasikia, nikacheka peke yangu, nikajiona fundi wa studio. Mshale unacheza vizuri kabisa.

Nikatuma.

Siku ya tatu nilikwenda Sirari pamoja na Chacha, kumwona mwanawe ambaye ni wakala wa forodha pale. Chacha alikuwa hajausikiliza ule wimbo kwenye group, simu yake ni ya tochi. Tunapita kwa wabadilisha fedha, kumbe wimbo ulishasambazwa mpaka huko, mmoja akaita:

"Mzee wa kitanda! Leo mathe amekuruhusu utoke?"

Mwenzake akadakia, "Fungeni ng'ombe zenu jamani, sungusungu amejificha!"

Dereva wa lori akaupiga ule wimbo kwenye simu yake, pale pale penye kitanda. Mwana wa Chacha alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, akaangalia chini. Kovu la begani hakulitaja hata mmoja. Sifa na utani nilikuwa nimevilinganisha mimi, na watu wakachukua walichokitaka.

Chacha alinigeukia, akaniangalia, kisha akaita bodaboda akaondoka peke yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Sasa niseme nililolificha.

Chini ya kile kitanda tulikuwa wawili. Nilikuwa kwa kina Chacha siku ile wezi walipoingia zizini. Miguu yangu ilikuwa usoni kwake. Mwita anajua, ila wimbo haukunitaja kwa sababu nyumba iliyofunguliwa haikuwa yangu. Na wezi waliporudi mara ya pili, Chacha ndiye aliyewafuata. Mimi nilibaki nyumbani.

Pale Sirari angeweza kuninyooshea kidole, akasema na huyu alikuwepo. Alinyamaza. Nami nilinyamaza nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake!

Nilikwenda Nyansurura kumwomba Mwita apige wimbo upya, safari hii anitaje na mimi. Nilimkuta anakaza nyuzi.

"Simu yako kaiweke kule zizini kwanza," akasema. Nikaipeleka.

"Siku hizi nikifika pale nainama, nafunga mdomo. Kila kigoda kina simu. Umeniulia pale chini, unaelewa?"

Nikamuuliza, sasa nifanye nini?

"Mdomo unao. Mimi si spika yako."

Juzi nimerekodi sauti yangu mwenyewe, bila plug-in yoyote, nikatuma kwenye group lile lile. Nimesema tulikuwa wawili, nani alikwenda mara ya pili na nani hakwenda. Sasa hivi wananicheka mimi, na wacheke. Nilimwomba mwana wa Chacha amsikilizishe baba yake. Akanijibu neno moja: "Amesikia."

Jana asubuhi Chacha mwenyewe alipita mbele ya mji wangu na ng'ombe wake, akaangalia mbele.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujainua kitu kwenye rekodi, muulize aliyekishusha alikishusha kwa nini. Na akikwambia usiguse, usiguse, hata mashine iwe nzuri namna gani.

Mafundi wa sauti wa humu, tafadhali, msiniambie kipimo cha threshold kilitakiwa kiwe ngapi. Hilo nimeshalijua na halinisaidii. Niambieni nimwendeeje Chacha. Hata mwenye matusi ayaandike, nitayasoma.

Na zile shikamoo zenu, amueni sasa.