Taa ya Garba Niliyoizima

Nilipokuwa na miaka kumi tulikaa Saint-Josse, mtaa wa wahamiaji huku Ulaya, juu ya duka la vitambaa la Maman Hansa. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi wa Bukavu, na koko yangu, mama yake baba, alimpenda kwa ajili hiyo. Jambo moja tu liliwatenganisha: garba.

Kila mwaka majani yalipoanza kudondoka, wanawake wa Kihindu walikusanyika kucheza garba kwa siku tisa katika chumba kikubwa nyuma ya duka. Katikati waliweka chungu chenye matundu, ndani yake taa ya samli, wakakizunguka wakiimba, wakipiga makofi, wakiinama na kuinuka pamoja. Taa ile haikutakiwa kuzimika hadi siku ya tisa, maana waliamini inailinda nyumba. Kuilinda ilikuwa kazi ya Kinjal, mkwe wa Maman Hansa, msichana aliyeletwa mwaka ule kutoka India, mjamzito, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa.

"Furaha," koko alinionya, "ule moto ya mu chungu, usiizunguke. Muntu akiizunguka, jina yake inabakia mule. Kisha ugonjwa inakuja kutafuta nyumba yake."

Nikaenda. Jumamosi alasiri nilisimama mlangoni nikitazama tu, Kinjal akanishika mkono akaniingiza kwenye duara. Alinifundisha kwa macho: makofi matatu, geuka. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Jumatatu mdogo wangu Espoir aliamka na homa kali. Koko alimwombea huku akinitazama mimi. Afadhali angenichapa.

Nilipotoka shule nilipitia nyuma ya duka. Kinjal alikuwa amempelekea mama mkwe wake chai kule mbele. Nikapiga magoti, nikapuliza kupitia tundu ili jina langu litoke mle. Ukatoka moshi mwembamba, basi. Nikakimbilia juu.

Kelele zilianza chini. Baadaye Maman Hansa alipanda kwetu akilia.

"Dada yangu, taa imezimika," alimwambia koko. "Yule msichana ameiacha ikazimika. Na mtoto aliye tumboni, sasa nani atamlinda?"

"Pole, maman," koko alisema. Macho yake yalikuwa kwangu. Mimi nilijifanya nafanya devoirs, kazi za shule.

Siku zilizobaki Kinjal hakuruhusiwa kucheza. Alikaa kitini karibu na ukuta, akiwatazama wenzake. Espoir alitokwa na vipele; kumbe ilikuwa tetekuwanga, nusu ya darasa lake walikuwa nayo. Mtoto wa Kinjal alizaliwa salama, wa kike. Lakini kila alipokohoa, wakubwa walimgeukia mama yake, na hata mimi nisiyejua Kigujarati nililitambua neno divo, taa. Kisha tukahamia Laeken, koko akafariki, na mimi sikuwa nimemwambia mtu.

Miaka kumi na miwili baadaye, nikiwa muuguzi mpya, Kinjal aliingia zahanati yetu na binti aliyevunjika mkono. Kifaransa sasa kilimtoka bila taabu. Binti alipopelekwa kupigwa picha, tulibaki wawili, nikamwambia yote, bila kumwangalia usoni.

"Najua," alisema. "Nilikuwa narudi na sinia. Nilikuona ukitoka."

"Mbona hukusema?"

"Kwa lugha gani? Na nilidhani utasema mwenyewe. Nilingoja kesho yake, na kesho kutwa. Kisha ukaanza kunikwepa kwenye ngazi, nikaacha kungoja."

Akainuka kumfuata binti yake. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Kwa miaka mingi nilimlaumu koko na chungu chake kilichokula majina. Ule mpulizo nimeuachia hofu ya mtoto wa miaka kumi, na mtoto huyo naweza kumhurumia. Lakini kwenye ngazi hakukuwa na mizimu ya kusingizia. Nilimwona Kinjal anapanda na tumbo lake, ameshika ukuta, nikageuza uso nikapita.