Masale ya Gregori

Kila mwaka baridi ikishaachia, akina mama wa Kitanzania na Kikenya waishio Maryland huwa na ziara yao ya bustani. Jumamosi moja hujazana kwenye magari wakazunguka nyumba tatu nne za wenzao, kuona nani kapanda nini, mchicha wa nani umeungua kwa baridi na nani anajisifu bure. Waume hufuata kwa sababu kuna nyama choma. Watoto hufuata kwa sababu hawana pa kukimbilia. Flaviana alikuwa ameikwepa ziara hiyo miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa kituo cha mwisho siku zote ni Bowie, kwa mdogo wake Gregori.

Mwaka 2007 alikwenda. Baada ya Pasaka wifi yake Benadetha alimpigia simu, sauti ya asali.

"Wifi, safari hii usituangushe. Gregori anasema njoo, ana kitu chako cha kukupa."

Flaviana aliweka simu chini akakaa kitandani muda mrefu. Mtu wa Rombo kule Kilimanjaro, kama yeye, akiambiwa kwamba aliyemkosea ana kitu cha kumpa, hawazi chokoleti. Anawaza isale. Kule kwao isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, unaopandwa kuzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo, kuonyesha mpaka. Ukimkosea mtu, unakata jani lake, unampelekea kwa heshima, unataja kosa lako kwa mdomo wako mwenyewe. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo, na Flaviana alikuwa amelingoja kwa Gregori tangu mama yao alipofariki.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mama alifariki Januari 2004. Flaviana alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao na makaratasi yake yalikuwa bado kukamilika. Wakili alishamwonya kwamba akitoka Marekani kabla hayajakamilika, asitegemee kurudi. Gregori yeye alishapata pasi ya Kimarekani. Habari za msiba zilimfikia yeye kwanza. Akakaa na rafiki zake, wanaume watupu, wakaamua kwamba Flaviana asiambiwe, maana uchungu ungempandisha ndege akaharibu maisha yake. Gregori akaenda, akazika, akarudi. Ndipo akatokea Adelphi, alikokuwa akiishi Flaviana, na kundi la watu na masufuria ya wali kumpa dada yake habari ya mama aliyekwisha kuzikwa.

Lakini wiki ile ile ya msiba Flaviana alikuwa amepiga simu nyumbani. Mama mdogo alipokea, akasema, "Mama amelala, mwanangu." Flaviana akacheka, akasema msimwamshe, mwambieni nitapiga Jumapili. Hilo ndilo lililomtafuna. Suala la kwenda au kutokwenda alishalimaliza na nafsi yake, na pengine kweli angebaki. Ila angebaki akijua, akalia siku moja na wenzake. Wao wakamwacha acheke kwenye simu huku mama yake yumo ndani ya jeneza pale sebuleni.

Na Gregori hajawahi kusema samahani. Alisema, "Nilikulinda, dada," kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Kwa hiyo Jumamosi ya ziara Flaviana aliamka mapema, akavaa kitenge chake cha maana, akasimama mbele ya kioo cha bafuni kujaribu neno alilotaka kumjibu mdogo wake. "Yamekwisha." Akalisema taratibu, akalisema tena bila kulia. Likakaa sawa.

Jirani yake Bilha, nesi wa Kikenya mwenye ulimi usiolala, alikuja kumchukua na gari.

"Kitenge hiyo ni ya nini leo? Tunaenda kuona maua ama tunaenda harusi?"

"Naenda kupatana na ndugu yangu."

Bilha alimtazama, na safari hii hakuwa na mzaha. "Sawa basi," akasema. "Mungu atangulie."

Walianzia Germantown kwa Serah, ambaye bustani yake yote ni ndoo za sukuma wiki nyuma ya nyumba, na ambaye alieleza historia ya kila ndoo. Flaviana aliitikia, akaonja chapati, akasifu. Kama angeulizwa baadaye ndoo zilikuwa na rangi gani, asingeweza kusema. Kichwani alikuwa anamtafutia Gregori mahali pa kusimama: mlangoni, jikoni, labda kando ya ua, wawili peke yao. Aliomba tu wasiwe mbele za watu, maana Gregori tangu utotoni ni mtu wa aibu.

Walipofika Bowie, aibu hiyo haikuonekana. Nyumba ya Gregori ina ukumbi wa nje wa matofali, nyasi zilizokatwa vizuri mno na maua mekundu yaliyopangwa kwa mstari, na mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya majani kama mwenye shamba la kahawa. Majirani zake Wazungu walikuwepo pia na glasi zao. Alipomwona dada yake alimkumbatia mbele ya wote. "Huyu ndiye dada yangu mkubwa," akawaambia, kisha akaenda kugeuza nyama. Flaviana akasubiri. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango ili akiitwa asikie haraka.

Baadaye Gregori aliwakusanya wageni kwenye ukumbi ule. Kando ya ukuta palikuwa na vyungu vya kung'aa vimepangwa safu, na ndani ya kila kimoja lilisimama isale lenye afya, limefutwa vumbi jani kwa jani. Flaviana aliinuka. 

Bibi mmoja wa Kizungu aliuliza mmea huo ni nini, na Gregori akaeleza kwa Kiingereza chake kizuri. Alieleza vizuri kweli, hakuna atakayemnyima hilo. Akasema kwao ukimkosea mtu unampelekea jani hili, na yeye hana budi kukusamehe. Akasema huyaingiza ndani majira ya baridi na kuyatoa jua likirudi, kama watoto. Wageni wakacheka. Halafu akasema, akipunguza sauti, "Haya nilikata kwenye mpaka wa shamba la mama yangu, nilipokwenda kumzika. Niliyaleta ndani ya soksi."

Bibi yule akashika kifua akasema ni jambo zuri ajabu.

Flaviana hakusikia zuri. Alikuwa akiirudia siku ile Gregori alipokuja Adelphi na masufuria ya wali. Siku ile masale ya mama yalikuwa yameshafika Bowie, yamo ndani ya maji, yanatoa mizizi. Alikuwa nayo. Hakukosa jani, hakukosa gari, na kutoka Bowie hadi Adelphi si mbali. Hasira ilimpanda hadi meno yakauma.

Jua lilipoanza kushuka wageni wakaaga. Benadetha alikuwa amepanga mezani vyungu vidogo, kila kimoja na isale changa na utepe wa buluu, na Gregori akasimama hapo kumpa kila anayetoka. Akampa bibi wa Kizungu. Akampa Serah. Akampa Bilha, na utani juu. Zamu ya Flaviana ilipofika akachukua chungu kingine kama vile vingine.

"Chukua na wewe, dada. Nilisema nina kitu chako."

Flaviana aliunyoosha mkono, kisha akausimamisha. "Gregori. Hili unanipa kwa ajili ya nini?"

Gregori alitazama nyuma yake, palipokuwa na foleni. Macho yakamcheza. Alijua anachoulizwa, mtu yeyote wa Rombo angejua.

"Ni zawadi tu," akasema kwa sauti ya chini. "Usianze, dada. Watu wako hapa."

Isale halikataliwi. Flaviana alilipokea kwa mikono yote miwili, akangoja kidogo endapo kungefuata neno, na neno lililofuata lilikuwa la Kiingereza, kwa mgeni aliyekuwa nyuma yake.

Ndani ya gari, walipoingia barabara kuu, Bilha alimgeukia.

"Lakini si amekupa? Kile kitu ulikuwa unangoja. Hiyo story si imeisha sasa?"

Flaviana alikuwa amepakata chungu mapajani. "Na wewe kakupa," akasema. "Wewe alikukosea nini?"

 Barabara yote mpaka Adelphi Bilha alishika usukani na kutazama mbele.

Kesho yake, baada ya misa, Flaviana alifungua utepe akautupa kwenye takataka. Jani lenyewe hakulitupa, kwa kuwa lilitoka kwa mama. Aliliweka dirishani, akaligeuza lipate jua, akalimwagilia. Alikuwa bado ameshika kikombe cha maji simu ilipoita. Alikuwa Benadetha.

"Wifi, huwezi kujua Gregori alivyolala kwa amani jana. Anasema kwa kuwa umelipokea mbele za watu, basi yamekwisha. Yuko hapa ananinyang'anya simu, anataka kukusalimia."

Flaviana aliisikia sauti ya mdogo wake pale karibu, ikicheka, ikisema lete, lete hapa.

"Mwambie nimelala," akasema, akakata simu.