Mimba Imeingia, Mume Anasema Siku Zile Hakuwepo

Admin, nifichie jina langu, mume wangu na dada zake wanausoma ukurasa huu. Nina miaka 31, kwetu ni Singida, naishi Kibaha na mume niliyemkuta na watoto wawili wa mke waliyeachana naye. Kwao mume wangu ni Kisarawe. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa, na mama mkwe alishaniita mgumba mbele ya watu kwenye shughuli. Nilicheka na wenzangu huku roho inaniuma.

Nikaenda hospitali, nikaambiwa sina tatizo, nijifunze tu kuusoma mwili wangu. Nikajifunza. Ute ukiwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, na tumbo likivuta upande mmoja chini ya kitovu, yai linakaribia kutoka. Watu wanaziita siku za hatari, mimi kwangu zilikuwa siku za heri. Kwa furaha yangu ya kijinga nikamfundisha na mume. Kila dalili zikija namwambia, "Baba, siku zimefika."

Na kila zikifika, Kisarawe kunatokea jambo. Mara mama anaumwa, mara nguruwe pori wameingia kwenye mihogo, mara kuna ugomvi wa mpaka wa shamba. Akirudi, ute umeshakauka. Siku moja nikampigia mama mkwe kumpa pole ya kuumwa. Akaniwakia, "Nani kakwambia naumwa? Mbona unanichulia!"

Sikumuuliza mume. Mwezi uliofuata nikamwambia siku zimefika wakati mwilini sina dalili hata moja. Jioni ileile akakunja nguo zake, akaenda Kisarawe. Nililia sana, maana mpaka hapo nilikuwa naomba niwe nimemdhania vibaya. Aliporudi, ute ndiyo kwanza unavutika. Nikanyamaza. Nikampikia, nikamkaribisha vizuri.

Sasa nina mimba ya miezi mitatu. Nilipomwambia, hakuuliza hata hali yangu. "Siku zile mimi nilikuwa kwa mama. Mimba ya nani hiyo?"

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakimbia makusudi?"

"Watoto mimi ninao. Nani alikwambia nataka wengine?" Akachukua simu, akawapigia kwao kwamba nimebeba mimba ya nje.

Jumapili naitwa Kisarawe kwenye kikao cha ukoo. Mama mkwe anataka niape kwa msahafu kwamba mimba ni ya mwanawe. Nisipoapa, napewa talaka palepale. Ndugu zangu, kuapa siogopi, tangu niolewe sijamjua mwanaume mwingine. Nikiapa wataniamini, ila nitarudishwa Kibaha kwa mwanaume aliyekaa kimya nikitukanwa miaka yote hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa ananinyima mtoto. Mwanangu atalelewa na baba aliyemkimbia kabla hajatungwa. Nikikataa kuapa nitaachana naye niwe huru, lakini nitatoka na jina la umalaya, na baba yangu Singida atapigiwa simu kuambiwa hivyohivyo.

Jamani mnaojua ndoa, nishaurini kabla ya Jumapili. Niape nibaki na mtu huyu, au ninyamaze niondoke na aibu isiyo yangu?