Karatasi za Njano za Odessa Pruitt

Odessa Pruitt hakuiamini kompyuta, na mimi nilimcheka kwa hilo miaka kumi na moja. Tulikaa meza mbili zilizotenganishwa na kibao kilichofunikwa kitambaa cha kijivu, ofisi ya kaunti, chini ya mahakama, katika mji wa Ohio ambao viwanda vyake vilishafungwa kabla sijazaliwa. Kazi yetu ilikuwa moja. Mtu akishtakiwa na jaji akimwachia asubiri kesi nyumbani, anafungwa bangili ya plastiki mguuni, na sisi tunamtazama kwenye ramani ya kompyuta, kila mtu na nukta yake. Nukta ikiwa kijani, mtu yupo anapopaswa kuwapo. Ikiwa nyekundu, mtu katoka nje ya mipaka. Ikiwa ya kijivu, bangili haionekani, na hapo ndipo wakubwa wanapoanza kupiga simu.

Mimi nilitazama nukta. Odessa alitazama watu. Alikuwa mama wa miaka sitini na tatu, mnene, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake la Wabaptisti, na hakumwita mshtakiwa yeyote kwa jina la kwanza. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeiba betri za magari alikuwa "Bwana Dupree" kuanzia mlangoni mpaka anaondoka. Alijua nani ana mbwa mkali, nani anafanya kazi ya usiku, nani anasahau kuchaji. Ile bangili inachajiwa saa mbili kila siku, na waya wake ni mfupi, kwa hiyo mtu mzima anakaa amefungwa ukutani kama pasi. Odessa aliwafundisha kuchaji wakati wa kipindi wanachokipenda kwenye televisheni. "Ukisikia muziki wa kipindi, chomeka," alikuwa akiwaambia. "Mimi nitakuwa naangalia hichohicho."

Yote aliyoyajua aliyaandika kwenye vikaratasi vya njano vya kubandika, akavipanga kwenye kile kibao upande wake, alichokiita ukuta wake. Kanuni ilisema kila kitu kiingizwe kwenye kompyuta. Odessa aliingiza maneno mawili tu kila wiki: *anaendelea vizuri*. Kulikuwa na sababu. Chochote ukiandika kwenye kompyuta kilisomwa na mwendesha mashtaka, na aliwahi kuandika kwamba mshtakiwa fulani amechelewa kwa sababu mkewe mjamzito alitokwa na damu, akasikia hilo likisomwa mahakamani kama ushahidi kwamba jamaa yule hawezi kutegemewa. Tangu siku hiyo, mambo ya watu yalikaa ukutani.

"Siku utakayougua tutafanyaje na haya makaratasi yako?" nilimuuliza.

"Si utasoma? Au shule ulikwenda kula chakula cha mchana tu?"

Delmar Mabry alikuwa mmoja wa watu aliowasimamia. Miaka thelathini na minne, fundi wa mapaa, ameshtakiwa kukutwa na lori la wizi ambalo alisema ameliazima kwa binamu. Jaji alimwachia kwa sababu moja, na Odessa ndiye aliyeipeleka mbele ya jaji: mama yake Delmar, Bi Ernestine, alikuwa na saratani ya mapafu na hakuwa na mtu mwingine duniani. Delmar ndiye aliyempikia, aliyembeba kwenda bafuni, na aliyempeleka hospitali mara tatu kwa wiki kupigwa mionzi. Akirudishwa jela, yule mama anabaki peke yake. Odessa alilijua hilo, jaji alilijua, na mimi nililijua, kwa sababu ukikaa miaka kumi na moja na mtu nyuma ya kitambaa unasikia kila simu.

Mwezi Machi mwaka ule, mtu mmoja wa kaunti ya jirani alikata bangili yake akaenda akamuua mkewe. Gazeti likaandika kwamba nukta yake ilikaa kijivu saa tano na hakuna afisa aliyefanya lolote. Wiki ileile bosi wetu, Haldane, akatoa amri: nukta ikiwa kijivu, piga simu mara tatu ndani ya dakika ishirini, asipopokea, taarifa inakwenda kwa jaji. Hakuna kusubiri, hakuna kufikiri. Neno *kufikiri* hakulisema yeye, ninaliongeza mimi.

Aprili, Odessa akaenda kutolewa mtoto wa jicho. Siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa. Jumatano mchana alisimama juu yangu na mkoba wake begani.

"Virgil, nakuachia watu wangu. Mambo yote yako ukutani. Usome ukuta wangu kabla hujagusa kitu."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa mama huku unatazama simu."

"Nimekusikia, Odessa. Nenda katolewe hicho kitoto cha jicho uone jinsi nilivyo mzuri."

"Basi waniachie kama kilivyo," akasema, akaondoka akicheka.

Saa kumi na dakika arobaini alasiri ukaja ujumbe wa Haldane. Wakaguzi wa jimbo wanakuja kesho asubuhi. Karatasi yoyote yenye jina la mshtakiwa isionekane juu ya meza wala ukutani. Atakayekutwa nayo anaandikiwa barua ya onyo. Nikatazama upande wa Odessa. Vikaratasi ishirini na kitu, vyote vina majina, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na tayari alikuwa na barua moja kwenye faili lake.

Nilimpenda yule mama. Nataka hilo lieleweke, ingawa halisaidii kitu. Nilivibandua kimoja kimoja, nikavibana kwa kibanio changu cha bluu, nikavitia kwenye droo yake. Nilijiambia nitavisoma kesho mapema, niviingize kwenye kompyuta. Binti yangu alikuwa na mechi saa kumi na moja, na nilikuwa nimeshakosa mechi zake mbili.

Kesho yake wakaguzi walifika kabla yangu. Mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wana donati zetu mikononi, wanazunguka meza hadi meza wakitazama tunavyofanya kazi. Saa nne na dakika kumi na mbili walikuwa wamesimama mgongoni kwangu nukta ya Delmar Mabry ilipogeuka kijivu. Alama ya mwisho ilikuwa kwenye mlango wa hospitali. Ruhusa yake ilikuwa ya kuwa hospitali mpaka saa sita.

"Hapo unafanya nini?" akauliza yule mwanamke. Aliuliza kwa upole kabisa.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikafungua kumbukumbu za Odessa kwenye kompyuta: *anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, anaendelea vizuri*. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu. Droo ilikuwa umbali wa mkono. Sikuikumbuka, au niliikumbuka nikaona aibu kuonekana mbele ya wakaguzi nikichakura vikaratasi vya bibi wa watu. Nimejiuliza sana ni lipi kati ya hayo mawili, na siku hizi naamini ni la pili. Dakika ya ishirini ilipotimia nikabonyeza, taarifa ikaenda kwa jaji. Yule mwanamke akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa wima kwenye kiti kama mwanafunzi aliyesifiwa.

Saa nne na dakika hamsini na mbili nukta ikarudi kijani. Palepale hospitali, mlangoni, alipopaswa kuwa.

Nikamwendea Haldane. "Amerudi. Yupo hospitali, hakwenda popote. Nimpigie karani wa jaji?"

Haldane akatazama walipokuwa wakaguzi. "Hati ya kumkamata imeshasainiwa?"

"Imeshasainiwa."

"Basi imetoka mikononi mwetu. Jaji ataamua."

Nikarudi kukaa. Hilo nalo nililifanya, nilirudi nikakaa.

Askari hawakupata taabu ya kumtafuta, maana tulikuwa tumewapa ramani. Saa sita kasoro simu ya meza ya Odessa ililia. Ikalia ikakatika, ikalia tena, nikaipokea.

"Naomba Bi Pruitt," ikasema sauti ya mwanamke, pumzi fupifupi.

"Yuko likizo, mama. Naweza kukusaidia?"

"Mwambie ni Ernestine Mabry. Wamemchukua mwanangu. Niko hapa mlangoni hospitali kwenye kiti cha magurudumu, na nguo niliyovaa ni ya wagonjwa, mgongo wote uko nje. Hakuna wa kunisukuma."

"Umewaambia wauguzi?"

"Baba, sikukupigia unifundishe wauguzi. Mwambie Bi Pruitt. Yeye anajua kwamba kule chini simu hazishiki. Alisema ameandika."

Nikamwambia nitamwambia. Nikaweka simu chini, nikaifungua ile droo, nikaifunga tena bila kugusa kitu.

Chumba cha mionzi, na pale Delmar alipomngojea mama yake, viko chini ya ardhi, nyuma ya kuta za zege zenye unene wa urefu wa mtu aliyelala. Hakuna wimbi linalopenya. Kila siku ya matibabu, majuma sita, nukta ya Delmar ilikuwa imegeuka kijivu kwa dakika arobaini, na kila mara Odessa aliiacha kwa sababu alijua.

Jumatatu Odessa alirudi na miwani myeusi. Alisikia habari kwa karani kabla hajavua koti. Alipanda juu mahakamani kwa ngazi, hakungoja lifti, nami nikamfuata. Jaji alimsikiliza. "Bi Pruitt," akasema, "mbona hakuna hata mstari mmoja kwenye kumbukumbu?" Odessa akasema aliandika kwingine. Jaji akauliza wapi. Kwingine kulikuwa ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu. Kisichomo kwenye kompyuta, jaji akasema, mahakamani hakihesabiki. Kesi ya ukiukaji ikapangwa baada ya siku kumi na tisa, na Delmar akabaki ndani.

Tuliporudi chini alisimama mbele ya kibao chake.

"Nani alibandua?"

"Wakaguzi walikuwa hapa," nikasema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Akanitazama kupitia ile miwani, sikuona macho, akaketi. Alhamisi ile aliandikiwa barua yake ya pili, kwa kutoandika mambo kwenye kompyuta. Jioni, baada ya kazi, akawa anapitia kwa Bi Ernestine na chungu cha supu, yeye na jicho lake lenye dawa. Alimpeleka kwenye mionzi mara mbili kwa gari lake mpaka Haldane akamkataza: afisa hafanyi urafiki na familia ya mshtakiwa.

Bi Ernestine alikufa siku ya kumi na sita. Sisemi mionzi ingemponya. Alikufa mchana, peke yake, na muuguzi wa kuzunguka majumbani alimkuta baadaye. Delmar aliletwa kuuona mwili akiwa na pingu mikononi na miguuni, robo saa. Odessa alikwenda kusimama naye. Mimi nilikuwa kazini, natazama nukta.

Oktoba kesi ya lori ikafutwa, Delmar akatoka jela. Mwenye lori hakutokea mara tatu. Wiki iliyofuata Delmar mwenyewe akaingia ofisini, amekonda, na mkononi ana ule waya wa kuchajia, ameuviringisha vizuri.

"Ulikuwa kando ya kitanda cha mama," akamwambia Odessa. "Ni mali yenu."

"Asante, Bwana Mabry. Pole sana, tena na tena."

"Nataka kujua kitu kimoja. Nani aliipeleka ile taarifa?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, kalamu mkononi. Odessa hakugeuza hata shingo.

"Wewe ulikuwa mtu wangu," akasema. "Lawama iweke kwangu."

Delmar akauweka waya mezani. "Supu yako aliipenda," akasema. "Lakini sitakusamehe." Akatoka, wala hakubamiza mlango.

Odessa akauweka ule waya kwenye sanduku la vifaa vilivyorudishwa, akaandika namba yake. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi moja ya njano, akaipitisha juu ya kibao cha kijivu mpaka kwenye meza yangu. Ilikuwa bado imebanwa na kibanio cha bluu. Ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyenunua vile vibanio.

"Soma sasa," akasema. "Miezi sita nangoja uniambie mwenyewe."

Iliandikwa: *Virgil — Mabry, chumba cha mionzi, nukta itakuwa kijivu dakika 40. Usipige simu yake, haishiki. Piga mapokezi ya mionzi, muulize Joyce, atakwambia wapo.* Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

"Odessa," nikasema.

"Nina kazi, Virgil," akasema, akavaa miwani yake ya kusomea, akageukia ile kompyuta asiyoiamini, akaanza kuchapa kwa vidole viwili kila alichokuwa amekijua juu ya watu wake.