Muziki Usio na Sebene

Siku ile nyumbani tulikuwako mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na kitinda mimba wetu wa kike aliyelala mkekani na malaria. Baadaye waliingia askari wawili na mkubwa wao, na mwisho jirani yetu, mzee Mwislamu wa ukoo wa Maniema, aliyeuza vitambaa sokoni. Baba na mama walikuwa wameshatutoka. Mimi niliacha shule ili hao wawili wale.

Mdogo wangu alikuwa amenunua kaseti kwa askari wa nchi rafiki pale kambi ya jeshi. Ilikuwa ya bendi ya wazungu wanaofoka badala ya kuimba, na wimbo wao uliisha kabla chai haijapoa. Kaseti yao ya zamani alikuwa nayo, ya walipokuwa vijana. Hii waliirekodi wakiwa watu wazima: kwenye picha wawili walikuwa na vipara, mmoja ndevu za mvi.

“Yaya, sikia,” aliniambia mimi dada yake. “Bamezeeka, lakini hasira yabo haizeeke.”

“Punguza. Hasira tuko nayo ya kutosha hapa.”

Vita vilikuwa vimekaribia. Wakimbizi walilala kwenye baraza za stesheni. Adui alisemekana kuzungumza Kiingereza, na aliyekutwa na foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, alichukuliwa. Mama wa waliochukuliwa walipeleka chakula kambini kwa watoto wao, na chakula kikarudi, mlaji hayuko tena.

Sasa, kila wimbo wa kaseti ile ulianza kwa mtu kuhesabu kwa sauti: wani, tu, sri, fo! Aliyepita barabarani akasikia, akaenda kusema kwa askari.

Askari waliingia bila kubisha hodi.

“Foni iko wapi?” aliuliza mkubwa wao.

“Iko kaseti, afande,” alisema mdogo wangu.

“Kaseti inahesabu? Na Kiingereza? Njo vile munaonyesha adui fasi ya kutupa mabombe!”

Akaamuru ipigwe tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

“Sebene iko wapi?” Alitaka ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huchangamka na watu hucheza.

“Haina sebene, afande.”

“Muziki gani haina sebene? Batu banacheza namna gani?”

Askari mmoja alishamkaba mdogo wangu ukosi, mwingine anafungua kamba. Kitinda mimba alijivuta chini ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, nikasikia joto la homa yake mguuni.

Ndipo jirani akapita kwenye ua uliobomoka, ametoka kuswali. Mzee huyu hakuruhusu hata redio nyumbani kwake, na kila Ijumaa alitugongea ukuta tunyamaze.

“Muziki huo naujua, afande,” alisema. “Kila siku unanipasua kichwa.”

“Unaujua? Basi cheza.”

Mzee alinitazama. Akakusanya kanzu yake mkononi, akaanza kurukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa. Kofia ikaanguka. Majirani walichungulia juu ya ua, wakiwemo wa msikitini kwake.

“Ongeza, papa! Tikisa kiuno!” walipiga kelele askari.

Akatikisa. Alicheza wimbo baada ya wimbo, jasho likichirizika ndevuni, mpaka kaseti ikaisha. Afande alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

“Bazee ba kaseti bichaa, na weye kichaa,” alisema. Walichukua redio yetu ya kaseti na kaseti yenyewe. Mdogo wangu walimwacha.

Walipotoka hakuna aliyecheka. Mzee aliokota kofia, akaikung’uta, akarudi kwake bila kutuaga.

Toka hapo watoto wa mtaa walimwita Sebene, hadi mlangoni mwa msikiti. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti.

“Baba, nitakulipa nini?”

“Inuka, binti yangu. Siku ile usinitajie.”

Vita vilipozidi alipanda treni na watu wake. Sijasikia walifikia wapi. Mdogo wangu ana watoto sasa, na mzee yule bado sijamlipa.