Vifaru Saba vya Baba Mkwe

Sikiliza vizuri, wewe uliyekaa hapo, maana nitakueleza polepole kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, na ukitaka kucheka cheka tu, aibu hii nimeshaizoea: mimi ndiye yule mwalimu aliyeona vifaru vya vita kwenye kilima cha baba mkwe wake (wakati huo hakuwa bado baba mkwe, na nusura asiwe kabisa), akalitangazia kanisa zima.

Kwanza uelewe nilivyofika huko. Mimi ni mtoto wa Buleusa, kule Walikale, kwetu ni msitu, mihogo na mawindo, na ng'ombe nilikuwa namjua akishakuwa nyama. Nafundisha jiografia Kirotshe, kando ya ziwa, ambako rezo, yaani mtandao wa simu, ni nzuri, na kwa sababu ya rezo hiyo nikaingia kwenye kundi la watu wenye kazi ya ajabu: wanahesabu vifaru vya akiba vya jeshi moja la mbali lililo vitani, vifaru vya zamani vilivyopangwa uwanjani vikinyeshewa. Hakuna anayekwenda huko. Wanatazama picha zilizopigwa na satelaiti, wanalinganisha za mwaka uliopita na za mwaka huu, wanajua vingapi vimetolewa na vingapi vimebaki. Si vigumu, hata wewe utaweza. Ukitazama kutoka juu, kifaru ni kisanduku cha mita saba hivi, na mbele yake kinatokeza kijiti kirefu, yaani bomba lake la kupigia. Majani yakiwa yamekizunguka, hicho kimekufa, hakijatembea miaka. Udongo ukiwa umechimbuka pembeni, hicho ni kizima. Siku moja nilivipata kumi na kimoja nyuma ya bohari, ambavyo wenzangu wote walikuwa wamevipita, wakaanza kuniita Prof, na tangu siku hiyo kofia zangu zote zikanibana.

Sasa, Jumamosi moja nilipanda milima ya Masisi kwa akina Furaha, mchumba wangu, ili baba yake anitazame na kuamua kama nafaa. Papa Bahati, ndiye huyo baba yake, ni mfugaji, na watu wote walijua kwamba ng'ombe wake walikwisha, wamebebwa na wenye bunduki (kule kila mwenye bunduki anayepita hupenda nyama, wa upande wowote). Aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tutaonana kesho kanisani.

Asubuhi, nikiwa nasubiri ibada na sina la kufanya, nikatoa simu, nikaitoa ramani kutoka nchi ile ya mbali na kuivuta mpaka kwenye kilima kilichokuwa mbele ya macho yangu. Hilo ndilo kosa, kitu kidogo hivyo. Kwa sababu nyuma ya kilima, kando ya miti, nilikuta visanduku saba vimepangwa mstari, vya rangi ya kijivu. Nikavipima: mita saba. Kila kimoja na kijiti mbele. Na udongo umechimbuka pande zote, matope matupu. Vizima.

Furaha alikuwa anapita na ndoo. Nikamwambia nimeona kitu kibaya nyuma ya kilima.

"Mambo ya kile kilima, uulize Papa kwanza," akasema, bila hata kusimama.

Kumuuliza Papa ningeona haya, kijana anayechunguzwa haulizi maswali. Na nilijiona tayari mbele ya kijiji kizima, mkwe aliyeokoa watu. (Kwamba kifaru kingepandaje kilima ambacho hata chukudu, ile baiskeli ya mbao, inashindwa kupanda, hilo sikujiuliza.)

Basi, saa ya matangazo katekista akauliza kama kuna mwenye neno, nikasimama mimi, nikaeleza satelaiti, na kwamba wenzangu huniita Prof, nikaeleza kisanduku na kijiti, polepole, na kwa sauti ya darasani nikamaliza: "Ni saba. Nimehesabu mara mbili."

"Biko bya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Bendera haionekani, Papa."

Mama wa benchi la mbele akamfunga mtoto mgongoni. Wengine walikuwa wameshafika mlangoni wakikubaliana nani abebe godoro na nani mbuzi, washuke mpaka Shasha kabla ya mvua. Ndipo Papa Bahati akanyanyuka.

"Leta hiyo telefone."

Akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza chini chini, "Na bantu bote banaweza kuona hii?"

"Bote, Papa. Ni bure."

Sasa nataka uelewe alivyokuwa amebanwa. Akinyamaza, kijiji kizima kinakimbia bure na wagonjwa na watoto. Akisema, siri yake imekwisha. Akawatazama wale wa mlangoni.

"Mukae. Iyi haiko vifaru. Iko manyumba ya ndama bangu, nimefunika na mahema. Na iyi anaita bomba, iko muvure, ule muti tunachonga, ng'ombe banakunywa mo maji ya chumvi."

Bibi mmoja, Mama Sifa, jirani yake, akasema, "Papa Bahati, si ulisema ng'ombe yako yote balibeba?"

"Nilisema."

"Na tulikuwa tunakuchangia maziwa."

"Nilikunywa. Aksanti."

Kanisa likacheka mpaka katekista akakaa chini. Mimi tu sikucheka, kwa sababu Papa Bahati alinirudishia simu na kuniambia, "Kwetu, mali ya muntu haihesabiwe kwa sauti. Weye umeihesabu kwa kanisa."

Alichojua yeye, na mimi nikakijua wakati huo, ni kwamba neno lililosemwa mbele ya watu wengi hivyo litawafikia wenye bunduki kabla ya kesho. Kwa hiyo alasiri ile ile ng'ombe na ndama wakahamishwa, kwenye mvua, mpaka mahali ambapo sitapataja hata unipe nini. Wakubwa walitembea, wadogo walibebwa, na mbebaji mkuu nilikuwa mimi, kwa viatu vyangu vya kanisani.

"Prof," Mama Sifa akaniambia tukipishana njiani, "chunga kifaru isikukojolee."

Kilikuwa kimeshanikojolea.

Nilipanda na kushuka mpaka miguu ikakataa. Mwisho Papa Bahati akaja kusimama mbele yangu, nimelowa, nanuka, shingo haigeuki. Furaha alikuwa nyuma yake.

"Mutoto wa Buleusa," akasema. "Umebeba ndama ngapi?"

Namba nilikuwa nayo kwenye ulimi, wallahi, nilikuwa nimeihesabu hatua kwa hatua.

"Sijui, Papa. Sikuhesabu."

Akaniangalia viatu, akaniangalia mikono.

"Ingia ndani, unywe maziwa," akasema.

Basi na wewe, ukiona kitu kwenye picha ya kutoka juu, funga simu, vaa viatu vya matope, panda mpaka pale, na umuulize anayechunga: hii ni nini? Namba iache nyumbani.