Kibuyu cha Kaka

Nilipata kazi ya uinjinia kwa uongo. Afadhali niseme mapema, kabla sijaanza kujipamba.

Ilikuwa miaka ile kampuni za simu za mkononi zilipoingia nchini, kila moja ikikimbilia kusimika minara. Niliyoiomba mimi ilikuwa kubwa kweli kweli, ofisi yake ya Dar es Salaam ina kiyoyozi mpaka chooni. Bosi aliyenisaili hakuuliza swali hata moja la darasani. Alisema tu, "Nieleze kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, kikafanya kazi."

Mikono yangu! Nina shahada, lakini hata pasi sijawahi kutengeneza. Basi nikamsimulia kibuyu.

Kibuyu kilikuwa cha kaka yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, majina yetu ya ukoo ni tofauti, ila kwetu Bariadi huyo ni kaka tu, habari za binamu hatuna. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Maswa. Katikati ya msimu kikapasuka kile kikombe cha kauri kinachotenga waya wa antena na nguzo, redio ya mawasiliano ikanyamaza, na spea hakuna. Kaka akakata shingo ya kibuyu cha maziwa, akaitia nta ya nyuki, akafungia waya hapo. Redio ikaongea.

Bosi alipiga meza kwa furaha. Nikaajiriwa.

Baada ya miaka miwili kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi na kaka akapunguzwa kazini, ana watoto watano. Kampuni yetu nayo ikawa inatafuta fundi wa kuuangalia mnara mpya wa Bariadi. Nikampelekea ujumbe aombe. "Ila ukinikuta kwenye usaili, usinijue," nikamwambia. "Kampuni haitaki mambo ya undugu." Nilijiona mjanja, nimepanga kila kitu. Kibuyu hakikunijia akilini hata kidogo. Bwege mimi!

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa gesti, asubuhi. Tulikaa watatu mezani: bosi, dada wa utumishi na mimi. Kaka akaingia amevaa koti la kuazima. Siku zote tukionana hunipa "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, kwa sauti ya kupasua masikio, kisha ndipo aulize habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Siku hiyo aliniinamia kichwa, akasema, "Shikamoo, mheshimiwa." Mkubwa wangu huyo, ananiamkia mimi! Na mimi nikaitikia marahaba, bila haya.

Bosi akauliza swali lake lile lile. Moyo ukanilipuka paa! Nikataka kukohoa, nikataka kumwaga maji, lakini sikufanya lolote. Kaka akaanza taratibu: redio, kikombe cha kauri, shingo ya kibuyu.

Bosi akaweka kalamu chini. "Injinia," akanigeukia, "hii si habari yako? Huyu ameitoa wapi?"

Kaka akanitazama. Nilimwona akielewa. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: ni ya kwake. Badala yake nikasema, "Labda imeenea huku. Watu husimuliana."

Kaka akaangalia mikono yake, ile ile iliyofanya kazi.

"Ni kweli, mzee," akamwambia bosi. "Niliisikia kwa watu, ikanipendeza. Mnisamehe."

Alipotoka, bosi alicheka na kusema waongo hawatufai kwenye mitambo. Nikacheka naye. Naona aibu mpaka leo kwa kicheko kile kuliko hata kwa uongo wenyewe.

Kaka alirudi kulima pamba. Hakuniuliza kitu, wala hakumwambia mtu. Nikienda kwake hunichinjia kuku, na mbele ya wageni hunisifu: "Huyu mdogo wangu ndiye aliyetengeneza redio ya kiwanda kwa kibuyu." Neno keshalisema, halirudishi.

Mwaka jana binti yake mkubwa, anayesomea umeme, aliniuliza tukiwa tunakula. "Baba mdogo, ile nta uliichemsha kwanza, au uliipaka hivi hivi?"

Tonge likanikwama. Sikujua. Sikuwahi hata kumuuliza mwenyewe.

"Aliichemsha," kaka akajibu, akanisogezea maji ya kunywa.